Risala ya Wagonjwa wa Figo, Asubuhi Mashine Zilipozimwa

Mgeni rasmi,

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba maji na kuyapangia mapito yake mwilini, tunaanza. Tunakuamkia wewe kwanza; kisha mganga mkuu; kisha wauguzi; kisha wake, waume na watoto wetu waliotushika mkono kutufikisha hapa; na mwisho sisi wenyewe, tunaosafishwa damu.

KARIBU
Karibu hapa mlangoni pa chumba kipya, ambacho tunakitumia tayari kikingoja kufunguliwa rasmi. Juisi iliyo mezani ni yako. Sisi vinywaji hupimiwa kwa kikombe, kwa hiyo usidhani tumenuna.

ASILI YA KAZI HII
Mola ametujalia figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi, chini ya mbavu kwa upande wa mgongoni. Damu huingia humo ikapita katika vichujio visivyoonekana kwa jicho. Chembe za damu na protini, kwa ukubwa wake, hubaki. Maji, chumvi, sukari na taka hupenya. Kisha mirija myembamba hurejesha damuni sukari, na karibu maji yote, na chumvi kwa kiasi cha haja. Kinachosalia, taka na ziada, ndicho mkojo, nao hushuka kibofuni. Mwenye figo nzima hana habari na kazi hii. Sisi tuliipata habari ilipokoma.

TULIYOYAPATA
Mashine za kusafisha damu hufanya kwa saa chache sehemu ya kazi ambayo figo huifanya usiku na mchana. Kwa neema hiyo mwalimu mwenzetu amerudi darasani, na muuza vitambaa amemwoza bintiye. Tunashukuru.

CHANGAMOTO
Sehemu hii tumeiandika upya leo. Mashine zimezimwa tangu alfajiri ili chumba kipambwe, na zamu ya kwanza haijaunganishwa. Katika zamu hiyo yumo fundi viatu, aliyeketi mwisho wa mstari wa mbele. Miguu imemvimba kwa maji, hata viatu alivyojishonea havimwingii.

"Vumilia kidogo, baba watoto," mkewe amemwambia.

"Mimi navumilia, mama. Haya maji ndiyo hayana adabu, yanapanda kifuani bila hodi."

Tumecheka, naye akacheka, kisha pumzi ikambana. Tumemwita muuguzi. Akasema, "Wazee wangu, nimeambiwa pasiwashwe kitu mpaka utepe ukatwe."

OMBI
Tulikusudia kuomba mashine zaidi. Hilo tunaliweka kando. Tunaomba moja tu: utepe ukatwe sasa, kabla ya nyimbo na kabla ya hotuba yako. Mlango ukiachwa wazi, tutakusikiliza vizuri tukiwa tumeunganishwa. Kurasa zilizosalia hatuzisomi.

Mola awarehemu wenzetu waliotangulia. Na sisi tuliobaki, pamoja na wanaotungoja nyumbani, atujaalie pumzi nyepesi na subira njema. Amina.

Ni sisi,
Umoja wa Wanaosafishwa Damu