Nafuu Isiyomfikia Mchuma Chai

Kemuma, hiyo digrii yako ya uchumi uliyoitundika ukutani juu ya redio, unafikiri ililipiwa na nani? Usinijibu. Kaa. Na wewe Zack, weka simu chini, mambo ya betting yatakungoja, mimi sitangoja. Sikilizeni wanangu, kwa sababu hiki kifua kimebakisha pumzi za kuhesabu, na yule daktari alipoacha kuniandikia dawa akaanza kuongea na mimi kwa upole, nilielewa.

Mali ni kidogo, tuimalize kwanza. Hii robo tatu ya ekari ya chai hapa Sosiot, niliyoinunua nikiwa kijana kutoka Kisii nisiye na hata gambuti mguuni, mgawane katikati, mpaka uwe ule mtaro wa maji. Ng'ombe ni wa Zack, maana Kemuma humwogopa. Lakini bonasi ya chai ya mwaka huu msiiguse. Hiyo ni ya Chepkorir, mke wa Johana jirani yetu, na mtu asifungue mdomo mpaka nimalize.

Mnajua nilikuwa karani wa mizani kule shamba la kampuni. Mnajua pia wachuma chai walinichagua niwe trustee wao, mlinzi wa akiba zao kwenye mfuko wa pensheni. Walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma yangu, foleni ikafika mpaka kwa choo cha kambi, na mama yenu Janefer alipoiona akalia kwa furaha. Nikapewa karatasi ya kusoma, imeandikwa kwamba ukiongeza akiba ya pensheni serikali inakupa nafuu ya kodi. Sikuuliza inampa nani. Nilisimama pale mizani watu wakiwa bado na vikapu mgongoni nikatangaza, "Ongezeni! Serikali itawarudishia!" Chepkorir akaniuliza, "Karani, itarudisha kwa mkono gani?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mama Fancy, wewe weka kidole hapa kwenye fomu, ya mikono niachie mimi." Akaweka kidole. Tangu mwezi huo akakatwa mara mbili ya zamani, na binti yake Fancy akatoka kozi ya unesi muhula wa pili, karo imekosekana, kwa sababu mama yake aliniamini.

Mwaka uliofuata sisi matrustee tukaitwa semina, hoteli ya vitambaa vyeupe mezani. Kijana mmoja wa tai akatuonyesha hesabu ukutani: meneja akiweka shilingi mia, anasamehewa kodi ya shilingi thelathini, mchuma chai akiweka mia ileile, anasamehewa sufuri, kwa sababu mshahara wake ni mdogo mno, haufiki pale pa kukatwa kodi ya mapato, na asiyekatwa hana cha kupunguziwa. Nikainua mkono. "Na ile kodi analipa kwa sabuni na kwa airtime, hiyo si kodi?" Wakacheka. Hata mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Halafu tukaitwa lunch, na baada ya lunch tukapewa bahasha ya allowance.

Hiyo bahasha, Kemuma. Hiyo na zingine zilizofuata, kila kikao, miaka sita. Ndizo zilikupeleka university. Fomu za kupunguza makato zilikuwa kwa droo yangu, ningezitoa siku yoyote, lakini ningesema ukweli wachuma chai wangechagua mtu mwingine, na wewe ungerudi nyumbani. Nikanyamaza. Juzi ulinisomea hiyo sheria ya nafuu ya kodi ukitukana, "Baba, this thing is upside down! Aliyeshiba anaongezewa sahani, mwenye njaa anaambiwa hana sahani!" Nikageukia ukuta. Ulidhani ni maumivu.

Mashine za kuchuma zilipokuja, Chepkorir akaachishwa kazi, akapewa akiba yake, akaja ofisini na karatasi ya hesabu nimwonyeshe ile nafuu ya serikali iko mstari gani. Nikajifungia chooni. Mimi, mtu mzima, nikamsikiliza akiniita mpaka akachoka akaenda. Zack, wewe husema Johana hatusalimii kwa sababu sisi ni Wakisii. Wacha huo ujinga. Hatusalimii kwa sababu ya choo.

Nipe maji. Kidogo tu... hivyo.

Alhamisi kamati ya bunge inakuja Kericho kusikiliza maoni kuhusu sheria ya kodi. Kemuma, utaenda. Usiende na CV, nenda na jina langu, useme yote, hata choo. Nimekusikia Zack, unanong'ona mzee atatuaibisha. Ndiyo. Aibu ni yangu, nimeibeba peke yangu na imenishinda. Na kabla ya Alhamisi pelekeni neno kwa Chepkorir, mlangoni kwake, kwa miguu, Fancy akisikia. Bonasi haitoshi. Mwambieni najua haitoshi. Asiponisamehe, msimlaumu.

Kwenye mazishi mtu asisome kwamba nilikuwa trustee.

Mungu awalinde wanangu. Awape kazi... kazi ya kulala vizuri baada yake. Kemuma, hasira yako sikuombei iishe. Naiomba ipate... pa kwenda. Zack, shika mkono wa dada yako. Shika. Hivyo.

Sasa andika, Kemuma, haya ni ya ile kamati, usiyapambe. Waheshimiwa, mimi Oyaro, karani wa mizani, niliwadanganya watu kwa karatasi yenu. Nafuu mnayompa meneja kwa akiba yake, mpeni mchuma chai kiasi kilekile... kwa kila shilingi, na kama hana kodi ya kupunguza, iwekeni kwa pensheni yake. Msimwambie binti yangu... mtaangalia. Iandikeni kwa sheria. Yeye akiwa bado amesimama mbele yenu.