Marehemu Dekow Dakane, Mwalimu wa Kuipa Ringi Mgongo

Bismillahi. Tulimzika Jumatano. Leo ni siku ya tatu, na kabla ya duwa, na kabla kafyu haijatukimbiza majumbani, ndugu wamekubaliana maisha yake yasomwe. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Marehemu Dekow Dakane alizaliwa Hadado, upande wa Wajir, mwaka 1923 au 1924. Mwaka wenyewe haukuandikwa, ila mvua ya gu ilichelewa na yeye hakuchelewa. Alikuwa kifungua mimba wa mzee Dakane na mama Muslimo. Ukoo huu haujawahi kuzaa mtu mfupi, lakini yeye alizidisha: futi sita na inchi nne. Asiyeamini akapime kaburi. Utotoni kazi yake ilikuwa kisimani, kuwashikia ngamia wa baba yake nafasi kwenye hori la maji, huku ngamia wa watu wakimsukuma kwa nyuma. Jambo hili liwekeni akilini, litarudi.

Alisoma duksi, chuo cha Kurani, hadi juzuu ya kumi na moja. Shule ya serikali hakuingia, wala hakuna aliyemwona akipungukiwa. Mwaka 1946 alikwenda Aden kupakua mizigo bandarini. Huko Mwarabu mmoja aliyesimamia timu alikiona kimo chake, akamwingiza katika mpira wa kikapu, na marehemu akacheza miaka tisa. Mbinu yake ilikuwa moja tu. Alisimama chini ya ringi akaipa ringi mgongo, akamsukuma beki kwa makalio, akajifanya anakwenda kushoto, kisha akazunguka kulia juu ya mguu mmoja. Mpira ukaingia, beki akabaki anatafuta mtu.

Alirudi mwaka 1956 na kuwa dereva wa lori la maji hapa Garissa. Mwaka uliofuata alimwoa Sharifo binti Abdikher, huko Griftu. Ndugu za bibi harusi walipoziba mlango kwa mzaha, bwana harusi aliwapa mgongo, akasukuma kidogo, akazunguka. Walipogeuka, alikuwa ndani anaomba chai.

Miaka hii ya hali ya hatari, lori liliposimamishwa, alianza kuwafundisha vijana wa mjini kwenye kiwanja cha nyuma ya shule. Mwaka 1965 kifua kikuu kilimshika. Hapo ndipo alipotangaza, mbele ya wanywaji chai wote wa kibanda cha Khadijo, kwamba kabla hajafa kijana mmoja wa Garissa atafunga kwa mbinu yake katika mechi ya kweli. Na asipopatikana, basi watu wasimwite mwalimu, na habari zake zote za Aden wazihesabu uongo.

Mdogo wake Abdille alimcheka. "Walaal, wewe ulicheza. Lakini hii kufundisha ni kazi ya mtu mwingine. Hata mimi nikikusikiliza nasahau kutembea."

Na wallahi Abdille hakukosea sana. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Ahmednoor, fundi cherehani wa miaka ishirini na mbili, aliyezaliwa mjini na hajui ngamia anaamkiwa upande gani. Marehemu alimfundisha mwaka mzima. "Mguu wa kushoto uwe chini. Bega lidanganye. Hapana, si hilo!" Ahmednoor akazunguka, akaanguka, akauliza: "Adeer, ni bega langu au lako?" Wote wawili wakarudi nyumbani wamechanganyikiwa.

Mwaka jana watu walikusanywa na serikali kwenye vijiji vya seng'enge. Mwezi wa Oktoba abti yake Ahmednoor, yaani mjomba wake, aliyekuwa na ngamia sita, alinyimwa kibali cha kutoka. Ahmednoor alikuwa nacho, basi akatumwa kuwanywesha. Maji yalifunguliwa saa mbili tu kwa siku na watu na ngamia walisukumana. Wiki ya kwanza alikanyagwa. Wiki ya tatu hakuna ngamia aliyemwondoa horini.

Jumamosi, tarehe 19 Novemba 1966, vijana wetu walicheza na makarani waliotoka kusini, yaani waliotoka "Kenya", kama tusemavyo huku. Marehemu alikaa pembeni na blanketi. Dakika ya mwisho, alama zikiwa sawa, Ahmednoor akaipa ringi mgongo, akashuka makalio, akamsukuma karani mnene, bega likadanganya, akazunguka. Mpira ukaingia.

"Nani kakufundisha hiyo?" marehemu akamuuliza.

"Si wewe, adeer?"

"Mimi sikukuambia ushuke kwanza."

"Hiyo ya kushuka ni ya ngamia wa abti."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Aliikumbuka Hadado na hori la maji. "Basi na mimi," akasema, "yule Mwarabu alinifundisha nini?" Kuanzia hapo alimuuliza kila aliyekuja kumjulia hali, na kila mmoja alimjibu lake. Alifariki alfajiri ya tarehe 15 Machi 1967 kabla hajaridhika na jibu lolote.

Sisi tuliobaki tulibishana siku mbili kama tuandike "mwalimu" au "dereva." Abdille alisimama kwenye dereva, hatoki. Lakini yeye mwenyewe alisahau ya makaburini. Jumatano alichelewa kwenye kizuizi cha barabarani, akafika watu wameshajaa, kila mtu anataka kutia udongo wake kabla ya kafyu. Ahmednoor aliwapa watu mgongo, akashuka, akamshikia mzee Abdille nafasi ukingoni mwa kaburi. Abdille alitaka kujirusha mbele, na kijana akamwambia polepole: "Mguu wa kushoto uwe chini, adeer. Ndivyo alivyosema."

Abdille aliuweka chini. Akatia udongo mara tatu bila kuyumba. Jana jioni akalikumbuka hilo, akasema, "Haye, andika mwalimu." Nimeandika.

Ameacha mjane, Sharifo. Mabinti watatu, Kaaha, Nimo na Jawahir, wote warefu. Ndugu yake Abdille. Na mwanafunzi mmoja.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali penye nafasi, asisukumane tena na mtu.