Picha 2,346 na Macho Mawili ya Sham Yuk-ha

Jumatatu tarehe 18 Mei 1987, kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, kampuni yetu ilipoteza picha za angani 2,346 za mji wetu wa Kowloon na uwanja wake wa ndege. Hazikuibwa wala hazikuungua. Zilipakiwa lorini kwa amri iliyotiwa saini, zikapelekwa kusagwa. Wasifu wa Bi. Sham Yuk-ha, anayestaafu Jumatano tarehe 31 Machi 2010 baada ya kututumikia miaka 35, miezi 9 na siku 28, hauwezi kuanzia mahali pengine. Karibu miaka 20 kati ya hiyo ameitumia kuzitafuta picha hizo.

Aliingia tarehe 3 Juni 1974, msichana wa miaka 24, akapewa kiti kibovu na meza ya macho mawili. Kwa wageni wa idara nyingine: meza hiyo ina lenzi mbili. Unaweka picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana na ndege ileile, moja chini ya kila lenzi, unainama, unatulia. Mara mji unasimama. Majengo yanapanda, makorongo yanashuka, na ukiwa na mkono mtulivu unaweza kupima urefu wa paa au kina cha shimo ambalo lilifukiwa kabla hujazaliwa. Picha moja peke yake haikupi hilo. Picha moja ni karatasi yenye vivuli.

Ofisi zetu, ya zamani na ile ya 1987, zilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege za Kai Tak, uwanja huohuo. Kila baada ya dakika chache vikombe vilitetemeka, na anayepiga simu alinyamaza katikati ya neno akasubiri. Dada Ha, kama tunavyomwita wote, alizoea kupima kati ya ndege na ndege: anavuta pumzi, anapima, anaandika, anaushika ukingo wa meza, ndege inapita. Aliishi hivyo miaka 24. Uwanja ulipofungwa Julai 1998, asubuhi iliyofuata aliushika ukingo wa meza akisubiri ndege isiyokuja. Ilimchukua wiki tatu kuzoea.

Hakuna aliyeujua uwanja ule kama yeye, na hakuwahi kupanda ndege hadi alipofika miaka 41. Aliujua kutoka juu, mwaka kwa mwaka. Picha za 1949: njia mbili fupi zinazokatana, na mashamba ya mboga yanafika hadi kwenye uzio. Picha za 1954: vilima vya nyuma vinaanza kunyolewa ili udongo wake ukajaze bahari. Miaka minne baadaye njia mpya imelala ndani ya ghuba kama ulimi, na pale palipokuwa na vilima pana vipara vyeupe. Picha za 1963: juu ya vile vipara, vibanda vya bati, kimoja juu ya kingine, na nguo zimeanikwa mapaani. Dada Ha alikuwa akiwaambia wageni wetu wapya: "Msitazame ndege. Ndege inatua inaondoka. Tazameni ule udongo wote uliochimbwa umekwenda wapi."

Wananchi walikuja kwake kutafuta ushahidi wa mashamba na nyumba zao. Mzee Mok alikuja kuthibitisha kwamba bwawa lake la bata lilikuwepo kabla ya jirani yake kuhamia. Lilikuwepo kweli, ila upande wa jirani. Mzee akapandisha sauti: "We mama, picha yako umeigeuza!" Dada Ha hakubishana. Akaizungusha picha juu chini, akamwonyesha tena. "Haya, baba yangu. Bwawa liko kwa jirani bado, na sasa bata wako wamelala chali." Mzee alicheka mpaka akaletewa maji. Kila Mwaka Mpya, hadi alipofariki, alituletea bata wa kuchoma.

Sasa nirudi kwenye lori.

Mwaka 1987 tulikuwa tunahamia jengo dogo zaidi. Meneja wa Majengo wa wakati ule, Bwana Ngan, alipitia stoo na kugundua kwamba picha inayofuata hurudia sehemu kubwa ya iliyotangulia. Ni kweli hurudia, kwa asilimia 60, na imepangwa hivyo makusudi. Yeye akaona ni ubadhirifu wa nafasi. Akaamuru picha zote zenye namba shufwa ziondolewe: 2, 4, 6, hadi mwisho.

"Dada Ha, hii na hii ni picha moja," alimwambia mbele yetu sote. "Kwa nini ikae rafu mbili?"

"Bwana Ngan, hata wewe una macho mawili na yote yananiona mimi mmoja. Nikutoe lipi?"

Tulicheka. Na yeye alicheka, akampigia makofi, kisha akatia saini. Masanduku 78. Nayajua kwa idadi kwa sababu aliyeyapakia ni mimi, kijana wa stoo niliyeambiwa beba nikabeba.

Kati ya waliocheka siku ile alikuwepo Shangazi Pang, aliyekuwa akitupikia chai ya maziwa na kufuta vumbi. Wale waliokuja baada ya 1990 hawamjui, kwa hiyo nasimulia. Alikuwa mama wa maneno. Kila akipita na toroli lake alimtania Dada Ha: "Unazikodolea macho hizo picha kama unatafuta mume. Umeshampata?" "Nimempata, Shangazi, ila amelala kifudifudi, simwoni sura." Siku moja, mwanzoni mwa 1988, Shangazi Pang aliweka toroli pembeni akasema, "Haya basi, nionyeshe kwangu."

Kwake kulikuwa Ngazi Tisa, mtaa wa vibanda juu kidogo ya uwanja. Dada Ha alimwonyesha kwenye picha ya 1963: paa lake, mti wake wa matunda ya longani, hata banda la kuku. Shangazi alifurahi kama mtu aliyepigwa picha ya harusi. Kisha Dada Ha akatoa ya 1954, picha namba 147, kuona palikuwaje kabla ya vibanda. Mahali pa nyumba palikuwa na doa jeusi, refu, lililopinda. Lingeweza kuwa korongo, nalo likajazwa udongo wa vilima vilivyonyolewa na watu wakajenga juu yake; udongo kama huo mvua kubwa huuporomosha. Lingeweza pia kuwa kivuli cha wingu, au majani yaliyoungua. Jibu lilikuwa kwenye jozi yake, namba 148. Na 148 ni namba shufwa.

Aliandika barua tatu za tahadhari kwa wahandisi wa serikali: tarehe 9 Februari 1988, tarehe 14 Juni 1988 na tarehe 20 Machi 1990. Nakala zipo kwangu. Mhandisi aliyezipokea alikuwa mtu wa haki, akauliza swali la haki: kina cha korongo ni mita ngapi? Dada Ha hakuwa na namna ya kupima, na hakuwa mtu wa kubuni tarakimu. Alijibu: sijui. Ripoti ikaandikwa kwamba hakuna ushahidi wa udongo wa kujazia. Yeye akamwambia Shangazi Pang ahame hata hivyo. "Nihamie wapi, mwanangu? Kwenye hiyo picha yako?"

Tarehe 11 Julai 1990, saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya siku mbili za mvua, Ngazi Tisa iliporomoka. Walikufa watu saba. Shangazi Pang alikuwa na miaka 61. Saa tatu toroli lilikuwa bado jikoni, vikombe vimepangwa.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Kwenye ukumbi wa mapokezi palikuwa na picha ya uwanja wa ndege katika fremu, imewekewa ukingo mpana wa karatasi nyeupe ili ipendeze. Iliwekwa mwaka 1980, na kwa kuwa ilikuwa pambo, haikuhesabiwa mwaka 1987. Dada Ha aliingia asubuhi ile hajavua koti la mvua, akasimama mbele yake, akaitazama. Kisha akaishusha ukutani, akaipindua, akaanza kung'oa misumari kwa kisu cha kukatia filamu. Akautoa ule ukingo mweupe. Chini yake, pembeni, mwaka na namba: 1954, 148. Na kwenye utepe ule uliokuwa umefunikwa, sentimita mbili tu, lilikuwepo lile doa jeusi.

Aliiweka mezani pamoja na 147. Korongo likafunguka. Mita 21. Kazi yote ilimchukua dakika arobaini.

Shangazi Pang alikuwa akikifuta kioo cha fremu ile kila Jumatano, miaka tisa na zaidi.

Dada Ha hakulia mbele yetu. Alisema neno moja kwa Bwana Ngan, ambaye alikuwa amekuja na kusimama mlangoni: "Ni hii hapa, ile picha moja." Bwana Ngan aliacha kazi mwaka uliofuata. Hakuna aliyemfukuza.

Tangu siku ile mstaafu wetu alifanya kazi mbili kwa kiti kimoja. Mchana alisoma picha. Siku za mapumziko aliwafuata wajane wa wahandisi, maktaba za vyuo, marubani wazee wanaoishi na masanduku yao uvunguni, akiomba nakala za namba shufwa. Amerudisha 611 kati ya 2,346. Ni asilimia 26. Ukimsifu anakukata: "Bado 1,735." Kwa jozi hizo amegundua makorongo 14 yaliyofukiwa wakati uwanja unapanuliwa, yakasahauliwa, yakajengewa. Kumi na tatu yameshaimarishwa. Hiyo ndiyo faida ya kazi yake, na hesabu ya watu wanaolala salama juu yake hakuna anayeifanya, kwa sababu hawajui.

Korongo la kumi na nne liko nyuma ya nyumba ya kutunzia wazee yenye vitanda 86. Amepima nusu. Nusu ya pili imo kwenye picha za 1963 namba 30, 32 na 34, zikitazamwa pamoja na jirani zake. Atakayempokea kazi ndiye atakayemalizia, kama picha zitakuwepo.

Naandika "kama" kwa sababu mwezi ujao tunahama tena, na jengo ni dogo tena. Waraka wa Utawala wa tarehe 3 Machi una orodha ya "picha zinazojirudia", jumla 1,904, za kuchukuliwa na lori la kusagia Jumatatu tarehe 29 Machi, siku mbili kabla ya hafla ya kumuaga. Nimeipitia orodha mstari kwa mstari. Zote ni namba shufwa. Zile 611 zimo, na zilizosalia ni za safari za ndege za baada ya 1987. Namba 30, 32 na 34 zimo ukurasa wa kumi na saba. Nimeuliza mara mbili kwa mdomo. Nimejibiwa kwamba nafasi ni changamoto.

Dada Ha, ahsante kwa macho yako, kwa kukataa kubuni tarakimu, na kwa bata wa Mzee Mok tuliowala kwa jasho lako. Upumzike, upande ndege ukae dirishani, utazame chini bila kupima kitu. Afya, usingizi mzuri na siku ndefu viwe nawe. Tungependa kukupa saa ya ukutani kama wengine, lakini zawadi unayoitaka tunaijua wote.

Kwa hiyo Idara ya Utawala ijibu, kwa maandishi, kwa neno moja kati ya mawili: picha za namba shufwa zinabaki au zinasagwa? Jibu lifike stoo ya filamu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 26 Machi. Ufunguo wa stoo ninao mimi, na safari hii sibebi.

Chow Kam-wing
Msimamizi wa Stoo ya Filamu