Shingo, Msomaji wa Vichwa vya Kuku

Salamu kwanza, maana mtu haagwi bila kujuliwa hali. Salamu kwa mke wake, mshonaji aliyetushonea makoti yote ya kazi. Kwa binti yake mkubwa na mumewe. Kwa yule wa pili anayesomea uuguzi. Kwa wajukuu wake mapacha wasiotulia. Na kwa mama mkwe wake, tunaamini mguu unapata nafuu. Sisi huku mabandani wazima.

Ndugu yetu huyu, tuliyemzoea kwa jina la Shingo, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya miaka ishirini na tisa ya kulisha kuku. Alianza na banda moja bovu na ndoo mbili za pumba. Leo mabanda ni sita, na hakuna hata moja ambalo hajalifagia kwa mkono wake.

Jina la Shingo alipewa na madereva wa lori la chakula, kwa kuwa alikuwa akitembea huku anapindisha kichwa kama kuku. Wakamuuliza kama na kutaga anataga. Akawaambia waje asubuhi na trei zao.

Kila mfanyakazi mpya alipita kwake kwanza. Jicho la kuku, alikuwa akisema, halizunguki kama letu, kwa hiyo akitaka kuona inabidi ageuze kichwa kizima. Akitembea, anakisukuma kichwa mbele, anakituliza pale mpaka mwili ukifuate, ili anachokitazama kisimchezee machoni. Na akikiinamisha upande, jicho moja likaelekea juu, basi huko juu kuna jambo. Kuku anakula kwa jicho moja, anaishi kwa lingine: hayo ni maneno yake. Kuku mgonjwa alimjua kwa kichwa kilichozama mabegani, akamtoa kabla hajaambukiza wenzake.

Sasa niseme la moyoni. Miaka minne iliyopita, asubuhi ya mvua, binti yangu alikuwa banda la tatu anakusanya mayai, nami niko jikoni nachemsha chai ya wafanyakazi. Shingo akaingia na ndoo, akamwaga chakula, kuku hawakukisogelea. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, jicho moja juu. Mwewe ndani ya banda atatoka wapi? Akatazama walikotazama wao, akaiona boriti iliyobeba tangi la maji inapinda polepole.

Akamwambia binti atoke. Binti naye, kwa kuogopa kuonekana mzembe, akarudi kuchukua trei. Shingo akaipiga ile trei ikamtoka mikononi, mayai thelathini chini, akamkokota mpaka nje. Msimamizi akawakuta mlangoni, akaanza kumgombeza kwa sababu ya mayai. Hajamaliza hata sentensi, tangi likashuka na nusu ya banda ikalala. Kuku kumi na mmoja tuliwapoteza. Watu, hatukupoteza hata mmoja. Msimamizi hajayataja tena yale mayai mpaka leo.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Nikamshika mwanangu kichwa, mabega, vidole kimoja kimoja. Mwiko sikuuachia mpaka jioni.

Kwa hiyo niliposikia anastaafu, usingizi ulinihama. Nani ataangalia vichwa? Sikumwambia, lakini nadhani aliniona ninavyounguza uji, kwa sababu mwezi mzima huu amezunguka na binti yangu banda baada ya banda, wote wawili shingo upande, na madereva wakapata la kucheka upya.

Juzi binti alikuwa anakunywa chai jikoni kwangu, bati likalia kidogo. Kabla sijageuka, yeye ameshainamisha kichwa, jicho moja juu, kikombe bado mkononi. Alikuwa paka tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na usiku ule nililala.

Kaka Shingo, ahsante kwa mwanangu, na kwa wana wa wenzangu wote uliowatoa salama kila jioni. Nenda kapumzike. Ukitazama juu sasa, iwe ni kwa kuangalia mawingu. Siku zako ziwe nyingi na nyepesi, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Ila ukifika nyumbani tu, tuma neno siku hiyo hiyo kwamba umefika. Unanijua. Ukichelewa, nitakuja mwenyewe, na mwiko wangu.