Marehemu Ezekia Masolwa na Jina Aliloliongeza Kwenye Jiwe la Kanisa

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Ezekia Masolwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 huko Nzega, mtoto wa tatu wa mzee Masolwa Ngollo, mkulima na mfugaji. Alisoma hukohuko, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Madaftari yake yalijaa herufi alizoiga kwenye magunia ya pamba, na viboko alivila kwa ajili hiyo.

Mwaka 1986 alihamia Tabora mjini kuandika mabango, kwanza kwa brashi, baadaye kwa kompyuta. Kilichompa sifa ni kulinganisha maandishi. Bango likivunjika kipande, aliitwa yeye. Alipiga picha, akatafuta kwenye kompyuta fonti, yaani mtindo wa herufi, inayokaribia, akaikaza hapa na kuilegeza pale mpaka herufi mpya ikakaa na za zamani kama ndugu. Alifunga ndoa na Jenifa mwaka 1994. Jenifa hakuchoka kumtania kwamba siku ile alizitazama herufi za cheti cha ndoa zaidi kuliko bibi harusi.

Machi 2022 wazee wa kanisa letu la mtaani walimwita. Kwenye jiwe lenye majina ya waliojenga kanisa, jina la fundi Renatus Mahona liliachwa kwa kuwa alisingiziwa kuiba saruji. Renatus alikufa na aibu hiyo, na baadaye ikajulikana kuwa hakuiba. Wazee walitaka jina liongezwe kimyakimya, lifanane na mengine. Ezekia aliifurahia mno kazi ile. Fonti aliyoipata ilikuwa na A pana na R yenye mguu mfupi kuliko zile za jiweni. Akaziweka sawa, akachonga, akaififisha rangi kwa majivu. Hata mwenye jicho kali asingejua.

Jumapili iliyofuata Mama Anton, mjane wa Renatus, aliomba jina la mumewe lisafishwe mbele ya waumini. Mzee mmoja akamjibu, "Mama, jina si lile pale? Nani aliliacha?"

Mama Anton alimfuata Ezekia kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, jina umelirudisha. Ila wale umewapa pa kujificha."

Maneno hayo yalimnyima raha. Aliomba alichonge jina upya, lionekane limekuja baadaye, wazee wakakataa. Akawa anapita njia ya mbali asilione kanisa, na sisi nyumbani ilituuma.

Alianza kuugua figo mwaka 2024, akatibiwa hospitalini Kitete, ambako alifariki tarehe 3 Februari 2025. Alipozidiwa alimwambia Jenifa, "Siku ya kunizika lisemeni lile la jiwe. Mimi limenishinda."

Ameacha mjane, watoto wawili, Erasmus na Neema, na wajukuu wanne.

Basi tunalisema, mbele ya wazee mliokaa hapa na mbele ya Mama Anton. Jina la Renatus Mahona halikuwapo kwenye jiwe lile. Ezekia ndiye aliyeliongeza, kwa kutumwa. Fundi Renatus hakuiba.

Ezekia, ndugu yetu, pumzika sasa.