Yakiisha Kumi, Mengine Kumi

Kwenye treni, fundi wa programu mwenye kipara alikuwa akimsimulia muuguzi aliyekaa naye jinsi programu yake ilivyoomba majibu elfu tatu ya maabara kwa mpigo mmoja, kompyuta ya hospitali ikazimia. "Sasa inaomba kumi tu, dada. Yakiisha yote, inaomba mengine kumi."

"Na moja likichelewa?"

"Tisa yanalisubiri," alijibu, kwa fahari ya mtu aliyevumbua foleni.

"Mimi kwenye chanjo, kaka, akitoka mtoto mmoja namwita mwingine. Foleni haimsubiri anayelia."

"Njia yangu ndiyo salama."

"Majibu ya mama yangu tunayangoja hospitalini hapo hapo tangu Jumatatu. Yamo kwenye kumi ya ngapi?"

Treni ikasimama. Fundi alikuwa anashuka hapo. Muuguzi, aliyekaa upande wa njia ya kupitia, hakusogeza magoti.