Marehemu Togashi Kisaburo, Mpiga Kura wa Kwanza wa Kitahama (1943–2023)

Marehemu Togashi Kisaburo alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 katika mtaa wa Kitahama, mji wa Hamasaki, mkoa wa Yamagata. Alikuwa mtoto wa pili wa Togashi Jinpachi, mtengeneza tofu ya maharage ya soya, na mkewe Kiyo.

Alisoma shule ya msingi Kitahama, kisha shule ya kati hadi Machi 1958. Baba yake alipofariki mwaka huo aliacha masomo na kushika duka, akalishika miaka hamsini na tisa. Wateja wake wanajua kwamba hakuuza tofu ya jana hata siku moja.

Tarehe 3 Novemba 1969 alifunga ndoa na Agatsuma Masuko. Walijaliwa watoto wawili, Tamaki na Eiji.

Duka lilimzoesha kuamka saa tisa usiku, na hapo ndipo sifa yake ilipoanzia. Hapa kwetu, anayefika wa kwanza kituoni huonyeshwa sanduku la kura kabla halijafungwa, ashuhudie kuwa halina kitu. Kuanzia mwaka 1971 marehemu aliinamisha kichwa kwenye sanduku la ukumbi wa shule kila uchaguzi, akasema kwa sauti, “Tupu!” Wanaopiga kura wakiwa mbali aliwadharau waziwazi.

Halafu ukaja Aprili 1999. Tamaki alijifungua Sapporo, na kwa kuwa Mama Masuko alikuwa akimuuguza Bibi Kiyo, aliyekwenda ni marehemu. Uchaguzi wa mji ulikuwa tarehe 25, basi akaomba karatasi zake kwa posta. Bahasha ya ndani iliandikwa kwa herufi kubwa isifunguliwe. Ipelekwe ikiwa imefungwa kwa maofisa wa uchaguzi wa Sapporo. Marehemu aliifungua jikoni kwa binti yake. Kura ikaharibika.

“Baba, hukusoma?” Tamaki alimuuliza.

“Nilisoma. Nilitaka kuhakikisha hamna kitu cha ziada.”

Aliporudi aliandika kwenye ubao wa duka: “Nyumba ya Togashi: watu wazima wanne, waliopiga kura watatu. Asiyepiga ni Kisaburo.” Hakuna aliyemlazimisha. Bi Honma, msusi wa jirani, alimtania mwezi mzima: “Mzee, hii tofu niifungue mwenyewe, au niipeleke ofisini?”

Aibu ile ilimfanya mtu mpya. Tangu hapo aliwapigia simu wanafunzi na mabaharia walio mbali, akawapelekea wagonjwa fomu, na kumwambia kila mmoja wao, “Usifungue!” Waliopiga kura Kitahama miaka ya sabini walikuwa asilimia sabini na tisa, mwaka 2019 walibaki arobaini na moja. Alipigana na namba hiyo miaka ishirini na nne na hakuishinda. Familia inamwonea fahari hivyo hivyo.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Jumanne, tarehe 17 Oktoba, alipiga kura ya meya akiwa kitandani hospitalini. Kura kama hiyo hukaa ndani ya bahasha hadi siku ya uchaguzi, na mwenyewe akifariki kabla ya siku hiyo, haihesabiwi. Marehemu aliijua sheria hiyo kuliko madaktari. Kila asubuhi aliuliza, “Leo siku gani?” Alitaka kuifikia Jumapili, basi.

Jumamosi mchana daktari alisema zimebaki saa chache. Mama Masuko akamwinamia.

“Baba Tamaki, leo Jumapili. Vituo vya kura vimeshafungwa.”

“Kitahama tumefika ngapi?”

“Sabini na moja.”

Akafumbua macho. “Sabini na moja! Mama Tamaki, ungesema arobaini na tatu ningekuamini.”

Walicheka wote wawili, wameshikana mikono. Alifariki saa kumi na dakika kumi jioni ile, tarehe 21 Oktoba.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na dada yake, Bi Sadako wa Niigata.

Kura yake haikuhesabiwa. Mama Masuko ameagiza uongo wake uandikwe hapa, na hesabu ya kweli asomewe marehemu mbele ya jeneza, kwa kuwa aliondoka bila kuipata: Kitahama, Jumapili tarehe 22, asilimia hamsini na mbili.

Lala kwa amani, Mzee Togashi.